Nyumba ya Rosalía de Castro pale Padrón: nimeenda mara mbili, ya pili ndo nikaelewa

Nyota tano kati ya tano, nazitoa kwa moyo mweupe kabisa. Ila soma mpaka chini kabla hujakata tiketi, maana nyumba hii ukiiendea vibaya utatoka umeona kuta za mawe na picha za zamani basi, na mimi nayajua hayo kwa sababu ndo yaliyonikuta mara ya kwanza.

Kwa asiyejua, hii ni Casa-Museo Rosalía de Castro, nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho na akafia humo humo mshairi mkubwa wa Galicia, kule kaskazini magharibi mwa Hispania, juu ya Ureno. Iko sehemu inaitwa A Matanza, mji wa Padrón, kama kilomita 20 na kitu kutoka Santiago de Compostela. Imekuwa makumbusho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mara ya kwanza nilienda na basi la kampuni moja ya utalii, jina silitaji, ile safari ya siku moja, asubuhi mnaondoka Porto ninapoishi, usiku mmerudi. Padrón tukapewa dakika 40, na ndani ya hizo dakika 40 ule pilipili zao, uone lile jiwe la kanisani linalosemekana ndo lilifungiwa mashua iliyoleta mwili wa Mtume Yakobo, ukimbie nyumba ya mwandishi, urudi kwenye basi. Muongozaji akatuambia hapa alikaa mwanamke mmoja mwenye huzuni sana, sura yake ilikuwa kwenye noti ya peseta 500, haya tupige picha. Tukapiga getini tukaondoka. Sasa ile sentensi ilinikaa kifuani wiki nzima. Mwanamke mwenye huzuni. Huzuni ya nini? Nani alimhuzunisha? Mtu haweki sura yake kwenye noti ya taifa kwa sababu tu alikuwa analia.

Basi nikaanza kusoma, nikanunua mashairi yake yenye Kigalicia upande mmoja na Kihispania upande wa pili, nikawa nasoma polepole usiku nikitoka kazini, na Februari nikarudi. Peke yangu, na treni. Hiyo ndo safari ninayoizungumzia hapa.

Kufika ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unapanda treni ya njia ya Vigo na Santiago, ila angalia uchukue inayosimama Padrón maana zingine zinapita moja kwa moja hazisimami. Ukishuka unatembea kidogo tu umefika, reli yenyewe inapita jirani na nyumba. Na hiyo reli usiichukulie kama kitu cha kupita tu. Ilifunguliwa 1873, ya kwanza Galicia nzima, ikitoka Santiago kwenda bandari ya Carril. Yani Rosalía alipokuwa kwenye bustani yake alikuwa anaisikia ile treni inaenda baharini, na nitakuja kueleza kwanini hilo neno bahari ni zito kwenye hii nyumba.

Nyumba ni ya mawe, ghorofa moja juu, wala sio jumba la kifahari. Mbele bustani. Kama unaweza chagua Februari au Machi, mvua utaipata ya kutosha lakini kamelia zinakuwa zimechanua, nyekundu na nyeupe, zingine zimedondoka chini zimelala kwenye majani mabichi, na tarehe 24 Februari ndo siku yake ya kuzaliwa inayoadhimishwa, kwa hiyo nilikuta kuna maua watu wameacha. Nilikaa nje kama robo saa nimelowa sina habari.

Pale mapokezi kulikuwa na dada mmoja, akanisalimia kwa Kigalicia, nikamjibu kwa Kireno changu cha Porto, tukaelewana vizuri tu kwa sababu hizi lugha mbili ni mtu na dada yake, zilikuwa lugha moja zamani. Akaniuliza natokea wapi, nikamwambia Tanzania, Bukoba. Akatoka kwenye kiti chake akaja kunionyesha wapi pa kuanzia, hakunikimbiza, wala hakunifuata nyuma nyuma kama mwizi. Huduma ya namna hiyo sijaizoea kwenye makumbusho makubwa, pale unasikia upo nyumbani kwa mtu.

Sasa nianze na ile huzuni.

Rosalía alizaliwa Santiago, Februari 1837, na kwenye kitabu cha ubatizo wakaandika ni mtoto wa wazazi wasiojulikana. Wasiojulikana! Wakati mama alijulikana na baba alijulikana. Mama alikuwa Teresa de Castro, binti wa ukoo wa heshima uliokuwa umeshuka kiuchumi, hajaolewa, umri umeshapita 30. Baba alikuwa padri, José Martínez Viojo. Kwa hiyo unaelewa kwanini kalamu ya yule mwandikaji ilipinda. Alibatizwa kwenye kanisa la ile hospitali kubwa ya kifalme iliyoko uwanja wa katedrali, ambayo leo ni hoteli ya kifahari watalii wanalala humo, na watoto wa namna yake kwa kawaida walikuwa wanapelekwa nyumba ya watoto waliotupwa. Yeye hakupelekwa. Mwanamke aliyemsimamia ubatizo alimchukua, akalelewa kijijini Ortoño na shangazi zake upande wa baba, mpaka baadaye mama yake mzazi akakubali kubeba maneno ya watu, akamchukua akaishi naye Padrón halafu Santiago.

Hapa ndo nilianza kumuelewa. Mtoto wa mama mwenye jina, lakini miaka yake ya mwanzo kaikalia kijijini, akisikia nyimbo za wakulima, hadithi za wakulima, lugha ya wakulima. Ile aibu waliyotaka kuificha kijijini ndo ilimpa sikio. Na mama yake alipofariki 1862 alimwandikia kijitabu kizima cha mashairi, A mi madre. Mama ambaye karatasi ya serikali na kanisa ilisema hajulikani.

Kilichonishika zaidi pale ndani ni jiko. Meko ya zamani, ile ya moto wa chini wa kuni, jiwe limekuwa jeusi. Mi nimekulia kwenye jiko kama hilo, kwetu mafiga matatu na ndizi ndani ya chungu, na nikikaa mbele ya meko akili inarudi kwa bibi moja kwa moja. Na huko ndo kuna habari ya lugha.

Enzi za Rosalía Kigalicia kilikuwa cha wakulima na wavuvi. Zamani za kati kilikuwa lugha ya mashairi, wafalme mpaka wa Castilla, ule ufalme wa katikati ya Hispania, waliandika mashairi kwa lugha hiyo, halafu ikaja kimya ya karne tatu hivi ambazo wenyewe wanaziita karne za giza, lugha haiandikwi, shuleni haipo, mahakamani haipo, mtu akijiona msomi anaongea Kihispania. Wakati huo ndo huyu dada wa miaka 26 anatoa kitabu kizima cha mashairi kwa Kigalicia, Cantares gallegos, kimechapwa Vigo 1863. Na kwenye utangulizi anasema wazi kabisa hana sarufi wala kanuni za aina yoyote, shule yake ni watu wa vijijini. Njia aliyotumia ni nzuri mno: anachukua kipande cha wimbo ambao kila mtu anaujua, wa kwenye ngoma, wa kwenye kinu cha kusagia, halafu anauendeleza na kuutanua mpaka unakuwa shairi lake lakini bado ni la watu. Mkulima akisikia anajikuta, na msomi aliyekuwa anacheka ile lugha anaona aibu.

Mimi nimesoma shule ya msingi huko kwetu, shule moja hivi, ukikamatwa unaongea Kihaya unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako umvalishe yeye. Bibi yangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Ikafika mahali likizo naenda kwake naona aibu kumjibu kwa lugha yake, namjibu Kiswahili, anatikisa kichwa tu. Bibi amekufa 2009. Sasa mwaka huu nimesimama mbele ya meko ya mwanamke wa Kihispania, kumbe sio wa Kihispania hivyo, wa Kigalicia, nasoma kwamba hana sarufi na ameandika hivyo hivyo, machozi yakanitoka, yule dada wa mapokezi akaniona akapita kimya kimya. Namshukuru.

Ukurasa wa kutunuku kitabu hicho una tarehe 17 Mei 1863, na tangu 1963, yani kilipotimiza miaka 100, tarehe 17 Mei ni siku ya fasihi ya Kigalicia, siku kuu yenyewe, watu hawaendi kazini Galicia nzima. Mwaka wa kwanza waliiweka kwa heshima yake. Ukipanga safari kumbuka hilo, kutakuwa na watu wengi na maduka mengi yamefungwa.

Na msidhani kitabu chenyewe ni cha maua na ndege tu. Kuna shairi linawahusu wavunaji, wale vijana wa Galicia waliokuwa wanaenda kwa miguu mpaka Castilla kuvuna ngano za watu na mundu zao, wanalala chini, wananyanyaswa, wengine hawarudi. Shairi linasema alienda Castilla kutafuta mkate wakampa magugu, kinywaji wakampa nyongo. Mwanamke wa miaka 26 anaandika hivyo kuhusu mabwana wa nchi. Anasema wazi anawachukia. Wanaomuita mama wa machozi sidhani wamefika ukurasa huo.

Hasira hiyo haikutoka hewani. Msimu wa 1853 kwenda 1854 mvua iliharibu mazao Galicia ikaja njaa kali, watu wa vijijini wakamiminika Santiago kuomba chakula barabarani, na yeye alikuwa binti wa miaka 16 mjini hapo hapo akiyaona kwa macho.

Panda juu sasa kwenye vyumba, huko kuna picha za familia na vitabu, na usiruke habari za wahamiaji. Mi hapo nilikaa zaidi ya saa.

Mwaka 1880 alitoa kitabu kingine cha Kigalicia, Follas novas, na sehemu yake ya mwisho ina jina ambalo nikilisoma mwili unasisimka: wajane wa walio hai na wajane wa waliokufa. Wajane wa walio hai. Wanaume wa Galicia walikuwa wanapanda meli kwa maelfu kwenda Cuba, Argentina, Uruguay, mpaka leo Argentina Mhispania yeyote wanamuita gallego hata kama katokea upande mwingine kabisa wa nchi. Wengine walituma hela, wengine walituma barua mara moja, wengine wakapotelea huko na familia mpya. Mwanamke anabaki na shamba, watoto, wakwe, na sheria ya wakati ule inasema mke hawezi kuuza wala kusaini kitu bila ruhusa ya mume, mume mwenyewe yuko Havana hajulikani mtaa gani. Rosalía anaandika huyu anaondoka, na yule anaondoka, na wote, wote wanaenda zao, Galicia unabaki bila wanaume wa kukulimia. Mistari ni mifupi kama mtu anahesabu watu wanaotoka mlangoni.

Babu yangu mzaa mama alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi, miaka hiyo Wahaya wengi walikuwa wanaenda. Alituma barua mbili na kitenge kimoja. Mama yangu alikuwa tumboni. Bibi hakuwa mjane, hakuwa mke, hakuachwa kwa talaka, kwenye vikao vya ukoo hawakujua wamkalishe wapi, migomba ikisogezwa mpaka anaambiwa mwenye shamba akirudi tutaongea. Miaka 50 hivi. Sikuwahi kupata neno la kumuita bibi mpaka nilipolikuta kwenye kitabu kilichoandikwa Galicia kabla yeye hajazaliwa.

Na wale walioondoka walimsoma. Hicho kitabu alikitoa kwa heshima ya chama cha kusaidiana cha Wagalicia wa Havana. Kuna shairi lake moja la humo, Negra sombra, kivuli cheusi, lilitiwa muziki na Xoán Montes na mara ya kwanza likaimbwa huko huko Havana 1892, yeye ameshafariki. Ukitaka kusikia Galicia inavyolia anza na huo wimbo. Kivuli kinachomfuata mtu, akidhani kimeondoka kinarudi kumcheka kitandani kwake, kiko kwenye jua, kwenye nyota, kwenye upepo. Watu wamebishana miaka na miaka kivuli ni nini. Mimi sihitaji kuambiwa.

Kitu kingine ninachowasifu wenye hii nyumba ni kwamba hawamfanyi mtakatifu wala yaya wa taifa. Muda mrefu sana Hispania walimuweka hivyo, mama mpole analia kwa ajili ya nchi yake, basi. Ukitoka hapo unamjua mwandishi. Aliandika riwaya, watu wengi hawajui, La hija del mar 1859 akiwa na miaka 22, Flavio, halafu 1867 ile El caballero de las botas azules, riwaya ya ajabu kabisa ya bwana mwenye buti za bluu anayeivuruga Madrid nzima, inawachapa wasomi uchwara na vitabu vibovu vya wakati wake. Mi naona hiyo inastahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa.

Na 1865 aliandika kipande kifupi kwa njia ya barua, kwa rafiki anayetaka kuwa mwandishi, anamuonya usithubutu. Anamueleza mwanamke akiandika watu wanavyomuangalia, na akiwa ameolewa na mwandishi ndo kabisa, kila mtu anaamini mume ndo anaandika. Hapo alikuwa anaongea yake. Mumewe Manuel Murguía alikuwa mwandishi na mwanahistoria, walifunga ndoa Madrid Oktoba 1858, mwaka mmoja baada ya yeye kutoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, La Flor, ambacho Murguía ndo alikisifia gazetini. Kuhusu huyu mume nilienda nimeshamkasirikia maana nilikuwa nimesoma mengi, lakini nimetoka nimepoa kidogo. Ni kweli alimsukuma achapishe Cantares, na bila yeye huenda kile kitabu kingekaa kwenye droo, na baadaye akaja kuwa rais wa kwanza wa chuo cha lugha cha Galicia kilichoanzishwa 1906. Ni kweli pia kazi zake zilimhamisha hamisha mke, alipopewa kuongoza hifadhi ya nyaraka ya Simancas kule Castilla, Rosalía akaenda kukaa kwenye tambarare ile kavu aliyoiita jangwa, na mashairi mengi ya Follas novas aliyaandika huko akiwa na hamu ya kwao.

Kuna shairi fupi la hicho kitabu ningependa kila binti anayeandika alijue. Linasema wale wanaoimba njiwa na maua, watu wote husema wana roho ya kike, sasa mimi nisiyeyaimba, yangu itakuwa roho ya nini? Mistari michache tu. Nimeinakili kwenye karatasi iko kwenye friji yangu.

Halafu watoto. Alizaa saba. Alejandra wa kwanza, 1859, halafu Aura, mapacha Gala na Ovidio, Amara, Adriano, na Valentina. Adriano alianguka kutoka mezani Novemba 1876, hajafikisha hata miaka miwili, akafariki. Mwaka uliofuata Valentina akazaliwa amekufa. Ukishajua hayo mashairi ya kitabu chake cha mwisho, En las orillas del Sar, hiki cha Kihispania, 1884, unayasoma kwa sauti nyingine. Humo kuna mtoto anakufa na mvua inanyesha pole pole nje, na mama anajiuliza maswali ambayo kanisani hayaulizwi. Sar ndo huo mto unaopita Padrón, utauona ukitembea kwenye ile njia ya miti mikubwa inaitwa Espolón.

Kwanini hicho cha mwisho ni cha Kihispania? Mwaka 1881 aliandika makala kwenye gazeti la Madrid kuhusu desturi za Galicia, akagusia habari ya sehemu fulani za pwani ambako baharia akirudi kutoka safari ndefu alikuwa anakirimiwa kwa namna ambayo watu wenye heshima zao hawakutaka isemwe. Moto ukawaka. Magazeti ya Galicia, ya kwao kabisa, yakamshambulia. Akasema haandiki tena kwa Kigalicia, na kweli hakurudi. Hilo liliniuma kuliko yote niliyojifunza kumhusu. Lugha ameitoa jikoni ameisimamisha mbele za watu, na watu hao hao wakamfukuza ndani yake. Ndugu zangu hii sio huzuni ya tabia, hii ni mambo ambayo mtu alifanyiwa, na wa kumfanyia walikuwepo.

Chumba cha mwisho ni chumba alichofia. Ni kidogo. Tarehe 15 Julai 1885, saratani ya mji wa mimba, ana miaka 48. Kabla ya hapo aliwaomba watoto wake wachome karatasi zake ambazo hazijachapwa, wakachoma. Sijui nisemeje kuhusu hilo, nilisimama pale nikawa na hasira na nani hata sielewi. Na inasimuliwa maneno yake ya mwisho yalikuwa mfungue dirisha anataka kuona bahari. Sasa nenda usimame pale, bahari haionekani. Iko mbali, huko inakoenda treni.

Nilikuwa peke yangu chumbani. Mvua nje. Treni ikapita.

Baada ya hapo ushauri wangu usiende moja kwa moja kula. Nenda Iria Flavia kwa miguu, hakuna umbali wa kutisha, kuna kanisa la zamani na makaburi yanaitwa Adina, ambayo Rosalía mwenyewe aliyaandikia shairi akasema yanampendeza, na hapo ndo alizikwa kwanza. Mwaka 1891 walimtoa wakampeleka Santiago kwa heshima kubwa, kanisa la San Domingos de Bonaval, sehemu wanayolaza Wagalicia mashuhuri. Heshima ni heshima, lakini ukisimama Adina na ule utulivu na ile mizeituni unajiuliza nani alimuuliza. Kwa wapenda fasihi, hapo hapo Adina amelala Camilo José Cela, aliyepata Nobel 1989, naye ni mzaliwa wa Iria Flavia.

Pilipili za Padrón ndo hizo kila mtu anazisema, ndogo za kijani, zinakaangwa kwenye mafuta zinawekewa chumvi ya mawe, nyingi tamu halafu unakutana na moja inakutoa jasho. Msimu wake ni kiangazi, kwa hiyo Februari kama yangu usitegemee za shamba la pale pale. Nilikula supu yao ya majani, viazi na maharage, caldo, bakuli kubwa na mkate, baridi yote ikatoka.

Mambo ya kuzingatia kwa atakayeenda: angalia siku na saa za kufungua kabla, zinabadilika kwa msimu. Tenga nusu siku. Na tafadhali soma hata mashairi matano kabla hujafika, kama hujui Kihispania kuna tafsiri za Kiingereza na Kifaransa, tafuta ile ya kuaga mito na chemchemi, ya wavunaji wa Castilla, ya kivuli cheusi, ya huyu anaondoka na yule anaondoka, na ile ya roho ya kike. Ukiingia na hayo matano kichwani kila chumba kitakusemesha. Ukiingia mtupu, nyumba haina maonyesho ya kelele, taa na mavideo ya kukushika, itakuacha upite.

Ukitua kwa ndege Santiago, uwanja wenyewe tangu 2020 unaitwa kwa jina lake. Mtoto wa wazazi wasiojulikana.

Mama yangu anakuja kunitembelea mwezi wa tano, viza imeshatoka. Tiketi za Padrón nimeshakata mbili. Nitamkalisha kwanza pale mbele ya meko, nimsomee ile ya wajane wa walio hai, nitaigeuza Kihaya mwenyewe, nimeshaanza, mistari sita ya kwanza ipo tayari.